Vijana Wetu na Mashine Isiyo na Sanadi

Kila sifa njema ni yake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo: mwezi uliopita tulizungumza katika ukurasa huu juu ya adabu za mtoto mbele ya mwalimu wake, na wasomaji wetu kadhaa wakatuletea salamu na maswali. Swali lililokariri kuliko yote latoka kwa wazazi wenye watoto katika vyuo vikuu, nao wauliza juu ya hii mashine mpya inayoandika na kujibu maswali, ambayo wengine huiita akili mnemba, wengine akili unde, na wengine akili bandia. Wauliza: Je, kijana wetu akiitumia katika masomo yake, afanya haramu? Na kama si haramu, mpaka wake ni upi?

Twaomba radhi kwanza. Sisi tulisoma chuoni, yaani chuo cha Kurani, kisha skuli ya msingi hata darasa la saba, wala hatukukanyaga chuo kikuu illa siku tulipokwenda kumsindikiza mtoto wa ndugu yetu na sanduku lake. Huenda msomaji akasema, Hawa wana haki gani ya kunena juu ya jambo hili? Jibu letu ni kwamba juu ya mitambo yenyewe hatutasema illa kidogo. Tutasema juu ya kupokea elimu na kuitoa, na hiyo ndiyo kazi tuliyoifanya umri wetu wote.

Mwaka jana, katika Mfungo Tatu, siku chache baada ya Idi kubwa, alitujia kijana mmoja aliyesoma juzuu zake za kwanza katika madrasa yetu. Sasa yu mwanafunzi wa sheria katika chuo kikuu kimoja cha nchi hii, naye alikuwa katika mwaka wake wa mwisho. Akatoa shikamoo, nasi tukaitika marahaba, tukamkaribisha barazani. Alikuwa na karatasi zipatazo arobaini, utafiti wake wa kumalizia masomo, na habari yake ilikuwa wakfu wa nyumba na mashamba katika mwambao wetu huu. Tulifurahi sana. Mambo ya wakfu yamewaletea watu wetu fitina nyingi, na kumpata kijana wa Kiislamu mwenye sheria ya serikali na sheria ya dini pamoja si jambo dogo. Karatasi zenyewe zilikuwa kwa Kiingereza, naye akawa atusomea na kututafsiria, ili tumpe maoni yetu juu ya sehemu ya dini.

Alipofika penye dalili akasoma hadithi moja juu ya fadhila za wakfu. Masikioni mwetu ilikuwa nzuri. Maneno yake yamepangika kama maneno ya Mtume (s.a.w.) yapangikavyo, na ujumbe wake wapendeza kila moyo. Na hilo ndilo lililotutia shaka, maana hadithi nzuri namna hiyo, juu ya jambo lenye kuhitajiwa namna hiyo, vipi hatukupata kuisikia katika darasa lolote wala katika khutba yoyote? Hatutaiandika hapa, kwa kuwa neno alilozuliwa Mtume halifai kuenezwa hata kwa njia ya kulikanusha.

Tukamwuliza, "Hii umeipokea wapi, mwanangu?"

Akasema, "Imo katika Bukhari, maalim. Na nambari yake ni hii hapa."

Tukaviteremsha vitabu. Tukafungua Kitabul Wasaya, maana humo ndimo Imamu Bukhari alimoweka milango ya wakfu, tukapitia mlango baada ya mlango. Haimo. Tukaitafuta ile nambari, tukakuta hadithi nyingine kabisa, isiyohusiana na wakfu hata kwa mbali. Tukampigia simu sheikh wetu, ambaye ametushinda kwa elimu na kwa umri, akatujibu kwamba hadithi hiyo haijui wala haijapata kumpitia. Hapo kijana akatoa simu yake, akaiuliza mashine. Ikaomba radhi kwa adabu kubwa, ikasema imekosea, hadithi ile imo katika Muslim. Tukaitafuta katika Muslim, haimo. Akaiuliza mara ya tatu, ikataja kitabu kingine. Akatutazama, nasi tukamtazama.

Ndipo akainamisha kichwa, akatueleza kwamba sehemu ile yote ya dini hakuiandika yeye. Alikuwa na mitihani minne kwa wakati mmoja, na usiku alikuwa akikaa dukani kwa mjomba wake apate nauli na chakula. Siku ya kutoa kazi ilipomkaribia aliiambia mashine imwandikie, naye akabadilisha maneno machache hapa na pale. Katika sehemu ile ile mlikuwa na kitabu cha mwanachuoni wa pwani, kimetajwa kwa jina, mwaka na ukurasa. Kitabu hicho nacho hakikupata kuandikwa na mtu. Na jambo zito zaidi: sehemu hiyo alikwisha kuipeleka kwa mwalimu wake msimamizi juma moja kabla ya kuja kwetu.

Lililotuuma kuliko yote ni hili. Iko hadithi sahihi juu ya wakfu, imo katika Bukhari na Muslim, nayo ndiyo iliyojengewa mlango huu wote wa fikihi. Sayyidna Umar (r.a.) alipata ardhi huko Khaybar, na hakuwa amepata mali aliyoipenda kuliko hiyo. Akamwendea Mtume (s.a.w.) kumtaka shauri, akaelekezwa, akipenda, azuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Umar akaitoa hivyo, kwa sharti kwamba isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, na mapato yake yawaendee mafakiri, jamaa, wageni na wasafiri. Mwanasheria atakaye kujua kwa nini nyumba ya wakfu haiuzwi, jibu lake li hapo, nalo limehifadhiwa kwa majina ya watu waliolipokea mmoja kwa mmoja. Kijana wetu alikuwa nalo rafuni kwa babu yake. Akaacha yakini iliyomo nyumbani, akachukua dhana iliyotoka kwenye simu.

Basi mashine hii ni kitu gani hata iseme uongo kwa uso mkavu namna hiyo? Kila aliyepata kuwasikiliza wanafunzi wa hifdhi atatuelewa. Mtoto aanza kusoma Suratul Baqara, aenda vizuri, afika penye kisa cha Nabii Musa (a.s.) kulipiga jiwe kwa fimbo yake, maji yakatoka. Kisa hicho kimekuja pia katika Suratul Aaraf, na maneno ya mahali hapa pawili yakaribiana sana, illa neno la kutoka kwa maji katika sura hii si lile la katika sura ile. Ulimi wa mtoto ukiteleza hapo, huingia katika Aaraf pasi na kujijua, akaendelea kwa sauti nzuri na tajwidi safi, wala haoni kwamba ametoka njiani. Hakukusudia kudanganya. Ulimi umefuata mazoea ya maneno. Anayemrudisha ni mwalimu aliyekaa mbele yake, ambaye naye alirudishwa na mwalimu wake, na yule na wake.

Mashine hii, kwa tulivyoelezwa na wajuzi, ni ulimi mtupu wa namna hiyo. Imelishwa maandishi mengi mno, zaidi ya awezayo mtu kuyasoma katika maisha mengi, na humo imejifunza ni neno gani aghalabu hufuata neno gani. Ukiiuliza, hupanga neno baada ya neno kwa namna ielekeayo zaidi kufanana na jibu. Mara nyingi jibu hilo huwa kweli, kwa sababu maandishi mengi iliyoyasoma yalikuwa kweli. Lakini penye pengo haisiti kama anavyosita mtu asiyejua. Yenye yakini na yenye shaka huyatoa kwa sauti moja. Siku hizi ziko nyingine zenye kwenda kwanza kutafuta katika intaneti ndipo zikajibu, na hizo ni afadhali. Walakini hata hizo huweza kukutajia kitabu kilichoko kweli, kisha zikakisingizia neno lisilokuwamo.

Asidhani mtu kwamba yaliyompata kijana wetu ni ya ujinga wa watoto. Mashine iitwayo ChatGPT ilitolewa kwa watu wote na kampuni ya OpenAI ya Marekani tarehe 30 Novemba 2022. Haikupita miezi saba, mawakili wawili wa New York, watu wazima wenye kazi yao ya miaka mingi, walikwisha kusimamishwa mbele ya hakimu kwa sababu yake. Katika kesi ya mtu aliyelidai shirika la ndege la Avianca, walipeleka mahakamani hukumu sita za zamani zisizopata kutolewa na mahakama yoyote duniani. Mmoja wao aliiuliza mashine yenyewe kama kesi zile ni za kweli, nayo ikamjibu kwamba ni za kweli. Mwezi wa Juni 2023 hakimu aliwatoza faini ya dola 5,000. Mwenye kuuliza mwongo kama yeye ni mkweli, atarajia jibu gani?

Wanavyuoni wetu wa hadithi walikwisha kutuwekea mizani ya jambo hili zamani. Mpokezi wa habari hutakiwa awe na akili, awe mwadilifu, na awe mwenye kudhibiti alichokisikia. Asiyejulikana humwita majhul, na habari yake haichukuliwi hata ajulikane. Mashine haina uadilifu, kwa kuwa si mukallafu. Haitahesabiwa Siku ya Kiyama wala haioni haya duniani. Haina udhibiti, maana swali lile lile ukiliuliza leo na kesho huenda ukapata majibu mawili. Nayo yapokea kutoka kwa watu isiowataja. Ni majhul aliyechukua kwa majhul. Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat ametuamrisha kuzichunguza habari atuleteazo fasiki. Na fasiki angalau ana jina na nyumba, waweza kumfuata ukamwuliza.

Mkumbuke Jabir bin Abdillahi (r.a.). Alisikia kwamba Abdullahi bin Unais anayo hadithi moja aliyoisikia kwa Mtume (s.a.w.), naye yuko Sham. Jabir akanunua ngamia, akasafiri mwendo wa mwezi mzima, kwa hadithi moja. Hatusemi kila mwanafunzi apande ngamia. Twasema kwamba aliyesafiri mwezi mzima alijua thamani ya kutoka kwa nani.

Sasa je, twaikataza? Wako wenzetu katika ualimu wasemao kwamba ni haramu yote, mwanzo wake na mwisho wake. Sisi hatuko pamoja nao. Mashine ya kupiga chapa nayo ilipata kuogopwa na Waislamu kwa muda mrefu, na hapa petu Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliishika, akatoa gazeti lake la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, akawasemesha watu kwa lugha yao. Chombo ni chombo. Asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Linaloharamisha hapa ni ghashi, na ghashi ilikuwako kabla ya umeme. Mtume (s.a.w.) amemfananisha mwenye kujipamba kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Kijana atiaye jina lake juu ya karatasi asiyoiandika amevaa nguo hizo, ziwe zimeshonwa na mashine au na mwenzake aliyemlipa.

Mpaka wenyewe twauona katika habari ya Zaid bin Thabit (r.a.). Mtume (s.a.w.) alikuwa akiletewa barua zenye maandishi ya Mayahudi, na walikuwako watu wa kumsomea na kumwandikia. Hakuridhika nao, kwa kuwa hakuwa na amani nao katika barua zake. Akamwamuru Zaid, naye wakati huo ni kijana mdogo, ajifunze maandishi yale mwenyewe. Zaid akasimulia kwamba haikupita nusu ya mwezi ila alikwisha kuyamudu. Tazama jinsi jambo lilivyokwenda. Msaada ulikuwako, tena wa haraka. Pamoja na hayo alitakiwa Muislamu mmoja ambaye ujuzi huo umo ndani yake, awezaye kujua kama wale wengine wamesoma sawa au wamepotoa.

Kwa hivi twawaambia vijana: mwenye kuweza kuisahihisha mashine, aitumie, asiyeweza, ataongozwa nayo kama kipofu. Mwanafunzi wa udaktari aweza kuiambia imweleze kwa maneno mepesi somo la figo alilolisoma kitabuni lisimwingie. Aweza kuiambia imwulize maswali ishirini juu ya somo hilo, amjibu, imwonyeshe alipokosea, kisha makosa hayo ayahakikishe kitabuni. Aweza kuipa Kiingereza chake alichokiandika mwenyewe imtengenezee sarufi, ikiwa mwalimu wake ameruhusu. Hayo ni kama mtu kuwa na mwenzake wa kudurusu naye. Lakini akiiambia imwandikie, amemtuma mtu mwingine kwenda kumlia chakula.

Sisi katika madrasa tuna desturi ambayo twaona yafaa hata huko. Mtoto akisha kusomeshwa, twaufunga msahafu, twamwambia, Haya, soma. Yaliyobaki ndiyo yake. Kijana akisha kuelezwa na mashine, na aizime simu, amweleze mama yake jikoni, au mdogo wake, habari ile kwa Kiswahili. Akikwama, ajue kwamba bado hajasoma kitu. Siku moja ataitwa usiku kwenye kitanda cha mgonjwa, na umeme umekatika.

Juu ya kuchagua mashine gani, tumeulizwa sana, na maneno yetu ni machache. Ziko nyingi: hiyo ChatGPT, Gemini ya Google, Copilot ya Microsoft, Claude ya Anthropic, DeepSeek ya Wachina, na nyingine. Sisi hatuna hisa katika hata moja. La kwanza ni kuuliza chuo chenyewe, na tena kila mwalimu katika somo lake, nini kimeruhusiwa. Kwa kuwa mwanafunzi yuko katika ahadi na chuo chake, na Muislamu hutimiza masharti yake. Akiruhusiwa, aandike wazi kwamba alisaidiwa na kitu fulani katika jambo fulani. La pili ni kutazama kama mashine hiyo huonyesha ilikotoa maneno, na kama mahali hapo pafunguka ukafungua na kusoma mwenyewe. Isiyoonyesha, isiulizwe habari ya vitabu kabisa. Na juu ya aya, hadithi, talaka na mirathi, isiwe ndiyo ya mwisho kuulizwa, masheikh wangaliko. Ama ya kulipia, nyingine huuzwa dola 20 kwa mwezi, na wazazi waliotuuliza kama ni lazima twawaambia si lazima. Fedha hiyo hununua vitabu.

Liko jambo la amana ambalo twaona watu walipuuza. Unachokiandika katika mashine hizi chaenda kwa wenye kampuni, katika nchi za mbali, na mara nyingi huweza kutumiwa kuifundisha mashine yenyewe illa ukatae katika mipangilio yake. Kijana wa uuguzi hutia habari za mgonjwa pamoja na jina lake apate kuandikiwa ripoti. Kijana wa sheria hutia mashtaka ya mteja. Mwingine hutia magomvi ya baba na mama yake akitaka shauri. Siri ya mtu ni amana shingoni mwako, wala hukupewa ruhusa ya kuitoa nje. Na serikali zetu nazo zimetunga sheria: Kenya mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022 kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Afadhali jina lifutwe, au habari yenyewe isitiwe.

Tugeukie sasa upande wa walimu wa vyuo vikuu, nao ni ndugu zetu katika kazi, ingawa wao wamekwenda mbali zaidi. Wengine hutegemea programu za kunusa maandishi, zenye kusema hii imeandikwa na mtu na hii na mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za namna hiyo kwa insha 91 zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa kwa mikono ya watu, zilidaiwa kuwa za mashine. Na mwaka huo huo, mwezi wa Julai, OpenAI wenyewe waliiondoa programu yao ya kunusa kwa sababu ilikuwa haipatii vya kutosha. Watoto wetu wote ni watu wa Kiingereza cha kujifunza. Mwalimu amhukumuye mwanafunzi kwa ushahidi huo peke yake amekubali majhul mwingine. Na amwite, amkalishe, amwulize juu ya aliyoyaandika. Katika dakika kumi atajua. Na mwanafunzi mkweli atunze karatasi zake za mwanzo, zile zenye kufutwafutwa, maana hizo ndizo mashahidi wake.

Enyi wazazi, msiulize tu, Umepata alama ngapi. Ulizeni, Umesoma nini juma hili, tuambie. Hamhitaji digrii kulisikiliza jibu. Mwenye elimu na asiye nayo hujulikana kwa namna anavyoeleza, kama vile mnunuzi wa nazi ajuavyo kwa kuitikisa.

Turudi kwa kijana wetu. Tulimwambia aende kwa mwalimu wake msimamizi akaseme kweli kabla hajaulizwa. Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Baba yake aliuza sehemu ya shamba la minazi kwa ajili ya ada, na mama yake huamka kabla ya alfajiri kukaanga maandazi ya kuuza. Alituuliza, "Na wakinifukuza, maalim?" Hatukuwa na jibu la kumtuliza. Tulimwambia kwamba hadithi ile, ikichapishwa na jina lake, itasomwa na wengine na kutajwa na wengine, na kila atakayeitaja yeye atakuwa na fungu lake, kwa kuwa sasa amekwisha kujua. Kuzuliana watu ni kosa kubwa; kumzulia Mtume (s.a.w.) kwa kusudi kumeahidiwa moto.

Akaenda. Hakufukuzwa. Mwalimu wake aliikataa kazi yote, akamtaka aanze upya, na kwa hivyo mahafali ya wenzake yalipita naye hayumo. Baba yake alitujia na ghadhabu. Akatuambia, "Nani angejua, maalim? Mlimwambia aseme kwa nini?" Ni mtu tunayemheshimu, tumesali naye safu moja miaka mingi, na kwa muda wa miezi miwili hakutusemesha illa salamu. Hatumlaumu. Ada ya mwaka mzima ilikuwa ya kutafutwa tena, wala si sisi tuliokwenda kuitafuta.

Kijana akarudi kuandika. Mchana alikwenda kwa wazee kuwaomba waonyeshe hati zao za wakfu, nyingine zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zimekunjwa katika mabati ya biskuti. Na baada ya Isha akaja kwetu kusoma Kitabul Wasaya. Mashine aliitumia hata hapo, hatukumzuia. Iliposhindwa na herufi za zile hati, alikuja kutuuliza sisi, na sisi tuliposhindwa tulikwenda pamoja kwa sheikh.

Usiku mmoja tulikuwa tukimsomesha juu ya sadaka yenye kuendelea, tukamtajia ile hadithi mashuhuri kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa mambo matatu, tukamwambia imo katika Sahihi ya Bukhari. Hakusema neno. Siku ya pili alikuja mapema, kabla ya Isha, vitabu viwili vikiwa kwapani.

Akasema, "Samahani, maalim. Nimeitafuta katika Sahihi ya Bukhari sikuiona. Nimeiona katika Muslim."

Tukavaa miwani, tukafungua. Alikuwa sawa. Nasi kwa miaka mingi tumeisema vile msikitini, tukiitia Bukhari kwa mazoea ya ulimi. Ijumaa iliyofuata tuliirekebisha mbele ya watu, na baba yake alikuwamo katika safu ya pili.